Hivi kumpeleka mtoto Colosseum si kumtesa tu? Mliotembea Italia na watoto njooni hapa

#1 Msafiri wa Nchi Kavu
Wakuu habari za jioni.

Nina hoja na naomba mnipinge kama mnaweza: kumzungusha mtoto wa chini ya miaka kumi kwenye vivutio vikubwa vya Italia ni starehe ya mzazi, mtoto hana chake pale. Nipo Bergamo kikazi, wanangu mmoja ana tisa mwingine sita, likizo ya Julai nikasema isije kuwa tunaishi Italia halafu siku watoto wakiulizwa Roma ikoje wanabaki kutumbua macho. Tukashuka na treni. Colosseum (ule uwanja wa kale wa michezo), lile eneo la magofu pembeni yake, Vatikani, chemchemi ya Trevi, vyote. Pale Colosseum mdogo alichosema ni "baba mbona imevunjika na hawatengenezi?" na mkubwa akauliza tunaondoka saa ngapi. Kwenye Kanisa la Sistine kule Vatikani, lile lenye michoro darini, ndo kabisa, wakaanza kulalamika shingo zinauma afu kuna mlinzi kila baada ya muda anawafanyia "shhh" watu wanyamaze.

Sasa njiani kurudi tulikofikia kuna yale mabomba ya chuma ya mtaani, maji yanatiririka saa zote bure. Mzee mmoja wa pale akawaonyesha kwamba ukiziba mdomo wa bomba kwa kidole maji yanarukia juu kupitia katundu kadogo kalikotobolewa mgongoni, unakunywa bila kuinama. Basi imekuwa hiyo. Walikaa pale mpaka mashati yamelowa, kila mtu anayepita wanamwonyesha wao. Shule ilipofunguliwa mwalimu kauliza mmeona nini Roma, jibu: bomba.

Tatizo ni umri, ni mimi, au Roma ya kale haimhusu mtoto kabisa? Na kuna aliyefanikiwa kumpa mtoto Italia bila pizza na aiskrimu?

#2 Binti wa Chumbageni
Julai? Roma? Mchana? Na watoto? Mkuu hata mimi mtu mzima ningelichagua bomba. Hapo hakuna cha utamaduni wala historia, watoto walikuwa na joto na kiu. Wapeleke Desemba uone.

#3 Kobe Mjanja
Nakaa hapa nisome.

#4 Mwalimu Mstaafu
Salaam. Mimi nimefundisha historia shule za msingi miaka mingi na siamini kabisa hii habari ya joto aliyosema binti hapo juu, watoto wangapi wanacheza mpira juani saa saba mchana? Tatizo ni kwamba mtoto kafikishwa mlangoni hana hadithi kichwani. Ukimwambia "hapa ni Colosseum" umemwambia nini? Mwambie kwamba chini ya ule uwanja kulikuwa na vyumba na vichochoro, na lifti za mbao zilizovutwa na watu kwa kamba, simba anapandishwa gizani halafu mlango wa sakafuni unafunguka anajikuta mbele ya watu zaidi ya elfu hamsini wanapiga kelele. Mwaka 2015 walijenga lifti moja ya mfano mle mle ndani. Nionyeshe mtoto wa kiume au wa kike ambaye hatachungulia chini akisikia hivyo.

Halafu mpe kazi. Milango ya nje ilikuwa na namba za Kirumi zimechongwa juu yake, mtazamaji anaangalia namba kwenye kipande chake anajua aingilie wapi. Nyingine zimebaki mpaka leo, kuanzia XXIII mpaka LIV. Mwambie mkubwa wako atafute XXXV. Hapo ameshajifunza namba na hajui kama anafundishwa.

#5 Fundi Saruji
Mleta uzi, yule mdogo ndo kauliza swali la maana kuliko wote mliokuwa pale. Mbona imevunjika? Ulimjibu nini?

#6 Msafiri wa Nchi Kavu
Nilimwambia ni ya zamani sana.

#7 Fundi Saruji
😂😂 Hilo ndo jibu? Ya zamani! Babu yangu naye ni wa zamani mbona hajavunjika upande mmoja.

Sikiliza. Lile jengo lilifunguliwa mwaka 80 baada ya Kristo chini ya mfalme Titus, baba yake Vespasian ndo aliyeanza kulijenga. Limekaa karne na karne. Mwaka 1349 likapigwa na tetemeko, upande wa kusini ukaporomoka kwa sababu ule upande umekaa juu ya udongo laini zaidi. Kilichofuata ni cha kawaida kwa binadamu yeyote mwenye shida ya tofali: watu wakachukua mawe wakajengea makanisa na majumba. Ukitazama kuta utaona vitobo vitobo kila mahali, mle kulikuwa na vyuma vya kushika mawe, vikang'olewa vyote maana chuma ni mali. Mtoto wa miaka sita anaelewa wizi wa vyuma vizuri sana. Mwonyeshe vile vitobo mwambie "unajua nani kachimba?" utaona kama ataulizia bomba.

#8 Binti wa Chumbageni
Fundi umeua, hivyo vitobo nilipita pembeni yake nikadhani ni risasi.

#9 Mama Wawili
Mimi nina maelezo tofauti na #4 na #7. Mnaweka hadithi sana. Shida ya Colosseum ni kwamba ni tupu. Mtu mzima anaingia pale na kichwa kimejaa filamu, anaona mapanga na vumbi, mtoto anaona ukuta. Hana pa kushika wala kitu cha kufananisha na kwao nyumbani. Ndo maana bomba limeshinda, bomba unaligusa na linakujibu.

Sisi tulienda Pompeii, ule mji wa Kirumi uliofunikwa na volkano mwaka 79, na ilikuwa kinyume kabisa. Pompeii ni mtaa. Ina barabara, ina maduka ya chakula yenye kaunta za mawe na vyungu vimezamishwa ndani yake, ina tanuri za mikate. Kwenye barabara wameweka mawe makubwa ya kuvukia watu wasikanyage maji machafu, na kati ya mawe wameacha nafasi magurudumu ya mikokoteni yapite, na ile michirizi ya magurudumu ipo mpaka leo kwenye jiwe unaingiza mkono. Binti yangu wa miaka saba alivuka kila barabara kwa kuruka yale mawe, nikimwambia tupite pembeni anasema atakanyaga kinyesi cha punda wa mwaka 79.

Afu kuna nyumba moja mlangoni sakafu ina picha ya mbwa mweusi amefungwa mnyororo, imetengenezwa kwa vijiwe vidogo vidogo, na chini maandishi ya kuonya watu kuhusu mbwa. Yaani ni lile lile bango la MBWA MKALI la mageti ya Mbezi. Mwanangu alicheka mpaka akakaa chini. Hapo ndo aliamini kwamba hawa walikuwa watu.

#10 Ndulele
Mama Wawili lakini Pompeii si ndo kuna zile maiti? Mtoto wa miaka saba unampeleka kuona watu wamekufa wamejikunyata? Mimi hapana.

#11 Mama Wawili
Tulizungumza kabla. Aliuliza maswali mengi kuliko mimi nilivyojiandaa ila hakuota ndoto mbaya. Mdogo wake hatukumwonyesha.

#12 Mwalimu Mstaafu
Ndulele, sahihisho dogo. Sio maiti zimekauka. Majivu ya volkano yaliwafunika watu, yakagandamana na kuwa magumu, miili ikaoza ndani na kuacha uwazi wenye umbo la mtu. Mwaka 1863 Giuseppe Fiorelli aliyesimamia uchimbaji akaanza kumimina plasta kwenye ule uwazi, ikikauka wanachimbua, unapata mtu kamili mpaka mikunjo ya nguo. Ingawa ni kweli mifupa mingi imo ndani ya ile plasta, kwahiyo wasiwasi wako hauko mbali na ukweli.

#13 Jicho la Tatu
Naomba kuuliza bila kukosea mtu. Hao watoto wenu wameshaona Kilwa Kisiwani? Msikiti mkuu wa pale na jumba la Husuni Kubwa, urithi wa dunia tangu 1981. Wameona Kaole? Mnahangaika na mbwa wa Pompeii. Utumwa wa akili haujaisha bado.

#14 Msafiri wa Nchi Kavu
Mkuu #13 watoto wangu wanaishi Bergamo. Kilwa nitawapeleka nikipata nauli ya watu wanne, utanichangia?

#15 Jicho la Tatu
Sijasema hivyo.

#16 Kobe Mjanja
😂 kwenye mchango wote wanapotea

#17 Ultra wa Jangwani
Nyie wote mmeanzia pabaya. Mtoto wa kiume (na wa kike siku hizi) mpe Italia kupitia nembo za timu. Mimi mwanangu yupo Dar hajawahi kupanda ndege na anaijua miji ya Italia kuliko wewe uliyeko Bergamo. Nembo ya Roma ina mbwa mwitu jike ananyonyesha watoto wawili, lazima atauliza mbona watoto wa watu wananyonya mbwa, hapo unamwaga stori ya Romulus na Remus waliotupwa mtoni Tiber, mbwa mwitu akawalea, wakakua wakagombana, mmoja akamuua mwenzie akajenga mji akauita jina lake. Venezia ina simba mwenye mabawa, huyo ni wa Mtakatifu Marko, mji mzima umejaa simba hao. Fiorentina ina ua jekundu la mji wa Florence. Inter ya Milan alama yao ni nyoka. Na Atalanta ya hapo Bergamo kwako ina msichana aliyekuwa anakimbia kuliko wanaume wote, wa hadithi za Kigiriki. Umekaa hapo miaka yote hiyo umewaambia watoto?

Tulikata nembo tukabandika kwenye ramani ya ukutani. Hela iliyotumika ni ya gundi.

#18 Ndulele
Huyo nyoka wa Milan si anammeza mtu? Nimemwona kwenye nembo ya magari ya Alfa Romeo. Mtoto wangu alisema anamtapika.

#19 Ultra wa Jangwani
Anammeza. Ni nembo ya ukoo wa Visconti waliotawala Milan.

#20 Mzamiaji wa Spaccanapoli
Mkuu huo ubishi hata wao hawajaumaliza, kuna wanaosema anammeza na kuna wanaosema mtu ndo anazaliwa mdomoni mwa nyoka, na jinsi ukoo ulivyoipata hiyo nembo ina hadithi zaidi ya moja. Dogo wa Ndulele yuko sawa kama Ultra alivyo sawa.

Lakini mimi nimekuja na lingine. Nipo Napoli, jikoni, mwaka wa ngapi sijui. Mnaongelea mawe tu toka juu. Mtoto wa Kitaliano hajui Colosseum, anajua piazza, ule uwanja wa wazi katikati ya mtaa. Jioni jua likipungua familia nzima inavaa vizuri inatoka kutembea, bibi, babu, kigari cha mtoto, wanaenda mpaka mwisho wa mtaa wanarudi, wanasalimiana na watu wale wale waliosalimiana nao jana. Watoto wanaachiwa pale katikati na mpira mpaka saa tano usiku, mpira ukigonga meza ya mtu mwenye mgahawa anawafokea na kuwarudishia. Huo ndo utamaduni. Mwachie mwanao na mpira kwenye piazza jioni moja atakuja na maneno ya Kitaliano mengine ya kumwosha mdomo.

Na Januari usiku wa kuamkia tarehe 6 kuna bibi kizee anaitwa Befana anapita na ufagio, mtoto mwema anawekewa pipi kwenye soksi, mkorofi anawekewa makaa. Siku hizi makaa yenyewe ni sukari iliyotiwa rangi nyeusi kwahiyo hata wakorofi wanakula. Nenda na watoto wakati huo, hamna joto, hamna foleni ya kutisha, na hapo namuunga mkono binti wa Chumbageni.

#21 Binti wa Chumbageni
Asante kwa kuniunga mkono ila saa tano usiku mtoto wa miaka sita yuko uwanjani? Mama yangu angekuwa ameshakata fimbo mbili.

#22 Mzamiaji wa Spaccanapoli
Mchana saa nane wanalala ndo maana.

#23 Mama Wawili
Mimi sikubaliani kwamba utamaduni ni piazza tu halafu mawe sio. Hao wazee unaowasema wanaotembea jioni wamekaa kwenye ngazi za kanisa la karne ya kumi na ngapi huko, mtoto anacheza mpira anaugongesha kwenye ukuta uliokuwepo kabla ya Columbus. Kwao havijatengana, sisi wageni ndo tunakata tiketi ya mawe asubuhi na piazza tunaenda kula.

#24 Fundi Saruji
Naona hakuna aliyegusa Pisa. Mnara wa Pisa haujawahi kumchosha mtoto yeyote. Ile ya kusimama unajifanya unauzuia usianguke, watu wazima wenyewe wanajipanga mstari kwenye majani mikono hewani wote mafala.

Na maelezo yake ni mepesi kwa mtoto. Walianza kujenga mwaka 1173, msingi wake una mita tatu tu hivi kwenda chini na udongo ni laini upande wa kusini. Walipofika ghorofa ya tatu mnara ukaanza kuinama, ujenzi ukasimama karibu miaka mia kwa sababu ya vita vya Pisa na majirani zake. Sasa hapo ndo kuna utamu: kusimama kule ndo kuliuokoa, udongo ukapata muda wa kushindiliwa. Waliporudi wakajenga ghorofa za juu zikiwa zimekunjwa kidogo kurudisha upande wa pili, ukiutazama vizuri mnara umejipinda. Mwaka 1990 wakaufunga kwa hofu, wakachimbua udongo kidogo kidogo upande wa kaskazini, ukarudi nyuma kama sentimita 45, wakaufungua tena 2001. Wangeweza kuendelea mpaka unyooke lakini nani angelipa kwenda kuona mnara ulionyooka.

Mpe mtoto boksi la maziwa na beseni la mchanga uliolowa upande mmoja, anajenga Pisa yake uani.

#25 Ndulele
Tulipanda juu kabisa na wanangu, ngazi zinateleza zimechakaa katikati.

#26 Mama Wawili
Ndulele wana umri gani? Maana chini ya miaka minane hawaruhusu kupanda kabisa. Msafiri, mwanao mdogo wa miaka sita atabaki chini analia, jipange.

#27 Ndulele
Wa kwangu wana kumi na kumi na mbili. Sawa umenikumbusha, pale chini palikuwa na familia inabishana na mlinzi kwa sababu hiyo hiyo.

#28 Mwalimu Mstaafu
Na Pisa ndiko alikozaliwa Galileo, mwaka 1564. Mimi wanafunzi wangu nilikuwa nawasimulia alivyopanda mnara akaangusha mawe mawili, zito na jepesi, yakafika chini pamoja.

#29 Fundi Saruji
Mwalimu hiyo ni kamba. Iliandikwa na mwanafunzi wake Viviani baadaye sana, watafiti wengi wanaona haikutokea hivyo.

#30 Mwalimu Mstaafu
Najua. Na Romulus kunyonya mbwa mwitu ilitokea? Mtoto nampa hadithi kwanza, akikua atapambanua mwenyewe. Halafu kitendo chenyewe ni kweli, mwaka 1971 mwanaanga wa Apollo 15 aliangusha nyundo na unyoya juu ya mwezi vikatua pamoja. Watoto niliwapandisha kwenye meza wakaangusha jiwe na kifutio, hakuna aliyesahau.

#31 Mama Wawili
Mimi nipo na Fundi. Ukimdanganya mtoto kwenye Galileo atakuamini vipi kwenye tetemeko la 1349? Sema "inasimuliwa kwamba". Maneno mawili tu.

#32 Dada wa Shela Malindi
Hodi humu. Hiyo ya uongo na ukweli mie nina kisa. Kuna kanisa Roma, Santa Maria in Cosmedin, barazani pana jiwe kubwa la mviringo lina uso wa mwanamume mdomo wazi. Wasema mwongo akitia mkono lamng'ata. Lilikuwa nini zamani hata wao wabishana, wengine wasema kifuniko cha mtaro, wengine chemchemi. Mpwa wangu wa miaka minane alipofika mbele ya lile jiwe, kabla hata hajanyosha mkono, akageuka akamwambia mamake kuwa simu ya babake ni yeye aliyeiangusha chooni. Pale kila mtu kwenye foleni akageuka kututazama 😂

Sasa mwalimu na Mama Wawili, hapo hadithi ya uongo imetoa ukweli. Nawaachia.

#33 Kobe Mjanja
😂😂😂 hii naihamishia kwa wangu, naomba vipimo vya hilo jiwe nichongeshe Keko

#34 Dada wa Shela Malindi
Na jingine. Msafiri huna haja ya kutafuta mbali pa kuunganishia watoto na Waitaliano. Kwetu Malindi na Watamu vijana wa ufuoni wasema Kitaliano kuliko Kiingereza, mtoto mdogo akiona mzungu yeyote apiga "ciao" hata kama ni Mjerumani. Na pale Ngomeni baharini Waitaliano walikuwa na majukwaa ya kurushia satelaiti, San Marco, toka mwaka 1964.

#35 Fundi Saruji
Dada sahihisho: satelaiti yao ya kwanza ya Desemba 1964 waliirushia Marekani. Kutoka hapo kwenu Ngomeni ya kwanza ilikuwa Aprili 1967.

#36 Dada wa Shela Malindi
Ahsante fundi. Lakini ile ya tarehe 12 Desemba 1970 ni ya hapa na hiyo hutanisahihisha. Ilikuwa ya Wamarekani wa NASA ikarushwa na Waitaliano siku ya Jamhuri yetu, wakaiita Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kutazama miale ya eksirei kutoka angani. Na Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo mzaliwa wa Genoa, akapata Nobel 2002. Watoto wangu Roma hawaijui lakini hilo wanalisimulia kama la babu yao.

#37 Jicho la Tatu
Hiyo sasa ndo elimu. Anzia nyumbani uende nje.

#38 Mzee wa Naivasha
Sawa kabisa. Na walio Nairobi wasingoje visa, barabara ya Mai Mahiu kuna kakanisa kadogo kando ya barabara kalijengwa 1942 na mateka wa kivita wa Kiitaliano, hao hao ndio walichonga ile barabara ya kuteremka bonde la ufa. Lori likipita watu waliomo wanasikia. Ukimwambia mtoto kwamba waliojenga walikuwa wafungwa, waliokuwa wanakumbuka kwao, anauliza kwao ni wapi, na hapo Italia imeanza.

#39 Kiroboto wa Padova
Nimesoma toka juu. Mleta uzi nakupinga kwa ushahidi wa mwili wangu. Mzee wangu alikuwa anasoma hapa Padova enzi hizo, nikiwa na miaka saba akatupeleka Venice. Ungeniuliza jioni ile nimeona nini ningekwambia boti ya takataka. Kweli kabisa, niliganda pale: boti inapita inabeba takataka, nyuma yake boti ya wagonjwa inapiga king'ora, boti ya polisi, boti imebeba friji na godoro la mtu anahama. Mji mzima hauna gari na maisha yanaendelea. Jumba la Doge (mtawala wa Venice wa zamani), kanisa la Marko, sikukumbuka hata moja. Baba alisema amepoteza nauli.

Sasa miaka imepita nasoma habari za misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji karne ya 19, nakuta wasafiri wanaorodhesha ushanga waliobeba wa kulipia chakula na kupita kwenye nchi za watu, ushanga mwekundu wa samesame uliopendwa kuliko mwingine, na umetoka wapi? Venice. Nikanyanyuka kwenye kiti. Na hapo nikakumbuka duka aliloingia mama, mwanamke mmoja amekaa mbele ya moto mdogo wa bluu anazungusha fimbo ya kioo inalainika inadondoka inakuwa kishanga, na mimi nilikuwa namvuta mama mkono twende tukaone boti. Kumbe nilikuwa nimeona. Kwahiyo hayo mambo ya mtoto kasema bomba, msimhukumu haraka.

#40 Msafiri wa Nchi Kavu
#39 umenigusa ila hoja yako haipimiki mkuu. Yaani nisubiri miaka ishirini nijue kama nauli ilirudi?

#41 Kiroboto wa Padova
Ndiyo 😂

#42 Ndulele
Mimi naona kuna sababu hamjaisema. Watoto wanatuangalia sisi. Baba anaingia Colosseum anapiga selfi, anatazama saa, anaulizia choo, anatafuta chaji. Mtoto anajua kabisa hapa hakuna kitu. Kwenye bomba kulikuwa na mzee wa Kirumi anayelipenda bomba lake.

#43 Mwalimu Mstaafu
Ndulele hilo nalo ni zito.

#44 Binti wa Chumbageni
Bado nasema joto.

#45 Jirani wa Lodi
Naulizia: watoto wanalipa Colosseum? Na nikienda Venice na kigari cha mtoto inakuwaje?

#46 Mama Wawili
Chini ya miaka 18 ni bure kwenye makumbusho na maeneo ya serikali yote, hata kama si raia wa huko, ila Colosseum mbuku na wao tiketi ya bure mtandaoni yenye majina yao na mje na pasi. Makumbusho ya Vatikani hayamo humo, ile ni nchi nyingine tangu mkataba wa 1929, utaratibu wao na bei yao. Jihadhari na wale vijana wa nje ya mlango wanaouza "tiketi za kuruka foleni".

Venice kigari kiache, yale madaraja ni ngazi na ngazi, yako mia nne na kitu. Mbebe mgongoni kwa kanga, hata Waitaliano wanawake walinisimamisha kuuliza nimefungaje. Boti za abiria chini ya miaka sita hawalipi.

#47 Kiroboto wa Padova
Na gondola msipande kama bajeti ni ya mkaa. Bei ya halmashauri ni euro 90 kwa nusu saa mchana. Kuna gondola za kuvushia watu tu upande wa pili wa mfereji mkuu, mgeni analipa euro 2, dakika mbili tatu mmevuka. Mtoto hajui tofauti. Mwonyeshe kwamba gondola haijanyooka, upande wa kushoto ni mpana kuliko wa kulia kwa sentimita 24, kwa sababu mpiga kasia anasimama nyuma peke yake na kasia liko kulia, bila hivyo ingezunguka tu.

#48 Fundi Saruji
Hiyo ya 24 nilikuwa siijui. Asante.

#49 Mzamiaji wa Spaccanapoli
Ila mleta uzi ulisema bila pizza na aiskrimu, kwa nini? Pizza yenyewe ni somo. Mwambie mtoto Warumi wa Colosseum hawakuwahi kuonja nyanya hata siku moja, ilikuja kutoka Amerika baada ya Columbus. Wangu hakuamini, akaenda kumuuliza mwalimu. Halafu ile Margherita, nyekundu nyeupe kijani, wanasema Raffaele Esposito alimpikia malkia Margherita hapa Napoli mwaka 1889.

#50 Fundi Saruji
Inasimuliwa kwamba.

#51 Mzamiaji wa Spaccanapoli
😂 sawa, inasimuliwa kwamba. Wenye pizza ya namna hiyo walikuwepo hata kabla yake, nakubali.

#52 Ultra wa Jangwani
Na tambi Marco Polo alizileta kutoka Uchina, hiyo ni kweli au inasimuliwa?

#53 Mwalimu Mstaafu
Hiyo hata kusimuliwa isisimuliwe. Marco Polo alirudi Venice 1295. Al-Idrisi, mwanajiografia Mwarabu aliyekuwa kwa mfalme Roger kule Sicily, mwaka 1154 aliandika kwamba mji wa Trabia una vinu vya maji na unatengeneza tambi nyingi za kupeleka ng'ambo kwa meli, kwa Waislamu na Wakristo. Kwahiyo dalili zinaelekea kwa Waarabu wa Sicily, na mtoto wa pwani anayekula tambi sikukuu ya Idi ana haki ya kusema hii nayo ni yetu kidogo.

#54 Ultra wa Jangwani
Mwalimu unataka kusema tambi za Idi na spageti ni ndugu?

#55 Mwalimu Mstaafu
Nasema uliza wazee wenu zilikuja na nani.

#56 Kobe Mjanja
Mwalimu fungua uzi wa tambi huu umeshajaa

#57 Dada wa Shela Malindi
Aufungue, lakini zile za kukaanga zikatiwa nazi, sukari na iliki msizitie kwenye ukoo wa mtu. Nilimpa Mtaliano mmoja hapa Malindi sahani nzima akaniuliza nyama iko wapi.